Caravan ya Tanga na maili sita nyuma ya Boeing

Abiria wa Tanga wanaopanda Caravan, ndege ndogo ya Cessna, kwenda Dar es Salaam wana lalamiko lao: mkikaribia Uwanja wa Julius Nyerere mnazungushwa angani, huku ndege kubwa zikipita. "Wakubwa kwanza," watu husema. Kuchoka wana haki ya kuchoka, ila suala hapa si ukubwa wa cheo.

Kila ndege inayoruka huacha nyuma yake hewa inayojizungusha kutoka ncha za mabawa, na kadiri ilivyo nzito ndivyo mzunguko huo unavyokuwa na nguvu. Mvuvi wa Deep Sea, hapo Tanga, mwenye mtumbwi anajua kwamba mawimbi ya meli hubaki hata meli yenyewe ikishapita. Tarehe 30 Mei 1972, Fort Worth nchini Marekani, jeti ya DC-9 iliyokuwa ikitua nyuma ya DC-10, jeti kubwa zaidi, ilipinduliwa na hewa hiyo karibu kabisa na ardhi. Wote 4 waliokuwamo walikufa.

Ndipo tunapofika kwenye maili. Kwa mgawanyo wa kimataifa uliozoeleka, ndege isiyozidi kilo 7,000 ni nyepesi, na kuanzia kilo 136,000 ni nzito. Caravan haizidi tani 4. Ikitua nyuma ya Dash 8 Q400, ndege ya uzito wa kati, inastahili kuachiwa nafasi ya maili 5 za baharini. Nyuma ya Boeing 787, maili 6, yaani kama kilomita 11. Nafasi hiyo inamlinda mdogo.

Wanaotaka nafasi ipunguzwe nao wana hoja, tena nzito kuliko tunavyokiri. Tuseme Caravan imebakiza maili 6 na inakwenda noti 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa: itatumia dakika 4 kufika chini. Katika dakika hizo jeti inayoifuata kwa noti 140 inakata maili 9 na ushei. Ili jeti iwe bado maili 3 nyuma Caravan inapogusa ardhi, lazima mwongoza ndege aiache zaidi ya maili 6 tangu mwanzo. Kwa hiyo ndege yetu moja yenye abiria wasiozidi 13 inakula nafasi mbele yake na nyuma yake. Mafuta yanaungua, na wa jeti naye ana safari ya kuunganisha.

Uwanja wa Heathrow, London, umetafuta njia ya kati. Tangu 2015 upepo wa mbele ukiwa mkali hupanga ndege kwa muda badala ya umbali, kwa sababu maili zilezile huchukua muda mrefu zaidi upepo ukizuia mwendo. Jambo hili mtu wa pwani halimshangazi. Kusi ikivuma kwa nguvu, hewa iliyovurugwa husambaratika upesi. Wa kuogopwa ni upepo hafifu wa maleleji, unaoweza kuiacha ikining'inia juu ya njia ya kutua. Lakini kupanga kwa muda kunadai rada, vipimo vya upepo vya papo kwa papo na kompyuta ya kumsaidia mwongozaji. Kuiga dakika bila vyombo hivyo ni kucheza na roho za watu.

Mimi nasimama upande wa maili 6, lakini kwa sharti. Wanaotetea nafasi pana husema kana kwamba kusubiri angani hakuna gharama. Caravan ina injini moja, na kuzungushwa juu ya bahari wakati wa masika, mawingu yakishuka, kunamwongezea rubani kazi na kumpunguzia mafuta. Ulaya, msongamano ukionekana mapema, ndege huzuiwa huko inakotoka. Nasi tungefanya hivyo: Dar ikijaa, Caravan ikae chini Tanga mpaka nafasi yake ipatikane. Abiria atanuna kwenye benchi, hilo halina ubishi, na shirika la ndege litapaswa kumwambia wazi kwamba foleni iko Dar, badala ya kumwacha akidhani ndege ni mbovu.