Hamburg hawanipi darasa, Moshi tunaligawa bure

Jumanne nilikuwa jikoni mwa shule nikikata matango ya watoto wa darasa la pili, simu ikatetemeka. Picha, kutoka kundi la walimu wa shule niliyojitolea kabla ya kuja huku Ujerumani, ile ya Moshi Vijijini. Binti wa Kijerumani, kamaliza sekondari juzi tu, hajatimiza mwezi nchini, amesimama mbele ya darasa la sita na chaki mkononi. Mwalimu mkuu kaandika chini yake: "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kiingereza sasa kimepata mwenyewe."

Mwenyewe! Mjerumani huyo. Kiingereza alikikuta shuleni kama mimi nilivyokikuta. Anakifundisha kwa watoto wa Kichaga kwa sababu rangi yake inafanana na ya Mwingereza.

Kabla hamjanirukia, nijieleze. Nina shahada ya ualimu, hisabati na kemia. BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, nimefanya, maandalio ya somo nimeandika mpaka kidole kikaota sugu. Ajira ya serikali sijaiona, na wengi mnaosoma hapa mnajua ninachosema. Nikafundisha kwa posho ya michango ya wazazi, ile ambayo mwezi mmoja zinakuja hela, mwezi mwingine yanakuja maneno. Halafu nikapata nafasi ya kwenda kujitolea tena, safari hii mwaka mmoja, shule ya msingi Hamburg. Naelekea kuwa bingwa wa kujitolea.

Huku siruhusiwi kitu. Kabla sijakanyaga darasani walitaka cheti cha polisi cha kutoka nyumbani. Wakataka ushahidi wa chanjo ya surua, maana tangu Machi 2020 sheria yao haitaki mtu afanye kazi shuleni bila huo. Halafu nikapelekwa idara ya afya kusikiliza somo la kuharisha na vidonda vya mikono, ili niruhusiwe kugawa chakula. Nikapewa karatasi yenye muhuri. Shahada yangu iko kwenye begi, chini ya soksi nzito, wala hakuna aliyeuliza. Kwa karatasi ile nina sifa kamili za kugawa matango.

Kazi zangu ni kufunga kamba za viatu, kusaka buti la mvua lililopotea (huwa linapotea moja, sijui kwa nini) na kukaa na anayelia. Kipindi cha hisabati nakaa nyuma. Siku za mwanzo mwalimu alipoingia nilikuwa nasubiri watoto wasimame, na hawasimami ng'o. Anayetaka kujibu anainua kidole kimya kimya, hakuna ile "mimi mwalimu, mimi mwalimu!" ya kuvunja bati. Kiboko hakipo, kimepigwa marufuku, na watoto wanasoma. Kwa wale mnaosema mtoto wa Kiafrika hasikii bila fimbo, siku yenu inakuja, leo sina nafasi.

Ombi moja tu nimepewa linalohusu ujuzi: niwafundishe watoto kupiga ngoma, kwenye wiki ya Afrika. Mimi! Nimekulia usharika wa Kilutheri ambako kinachopigwa ni tarumbeta, na tarumbeta zenyewe tumezirithi kwa wamisionari wao wa Leipzig walioingia Kilimanjaro mwaka 1893. Nilipowaambia hivyo mwalimu wa darasa akacheka sana, halafu akauliza kama basi nacheza.

Nilikasirika, na sijapoa kabisa. Ila kuna jambo nimeliona ambalo limegeuza hasira yangu ikatazama upande mwingine.

Shuleni hapa kuna mwalimu tarajali. Kasoma chuo kikuu miaka mitano, na sasa yuko kwenye miezi 18 ya kufundishwa kazi kabla hawajamwamini. Juzi alikaguliwa, nami nilikuwepo nyuma na majukumu yangu ya kushika taulo. Somo: kipi kinaelea, kipi kinazama. Darasa la pili! Beseni la maji, kizibo, sarafu, limau. Andalio la somo lilikuwa nene, mimi nilidhani ni tasnifu. Wakaguzi wanaandika, hawatabasamu. Mtoto mmoja akauliza mbona meli za bandarini ni za chuma na hazizami, na dada wa watu akajibu chapuchapu ili awahi muda. Baada ya kipindi walimkalia kwenye jibu hilo hilo. Kwa nini ulimjibu? Kwa nini hukumuuliza yeye anadhani ni nini? Wenzake wangapi walikuwa wameanza kufikiri ukawakatisha? Alitoka macho mekundu.

Jioni, narudi kwenye treni, nikawaza: dada huyu angepanda ndege alipomaliza sekondari, badala ya kwenda chuo, sisi tungempa darasa la sita zima. Watoto zaidi ya 70, peke yake, hajui hata kwamba yule wa dawati la nyuma hajala tangu jana. Wala tusingemkagua. Tungempiga picha.

Yaani mtoto wa Hamburg analindwa dhidi ya mtu aliyesoma ualimu miaka mitano, asije akamkatisha wazo. Wa Moshi anakabidhiwa kwa mtu ambaye hajasoma ualimu hata siku moja, na tunapiga makofi. Wajerumani hawajakosea kuninyima darasa. Kijerumani changu bado ni cha sokoni, na mtaala wao siujui. Sheria ya huku inasema anayejitolea ni msaidizi wa ziada, asizibe nafasi ya mwajiriwa. Ni sheria nzuri. Swali langu ni kwa nini utaratibu huu unaishia uwanja wa ndege.

Mtaniambia zamani tulifundishwa na vijana wa kigeni na tukafika. Ndiyo. Mwaka 1961, wakati Wamarekani walipoanza kuleta walimu Afrika Mashariki, nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika, na ungemkataa mwalimu ungekuwa kichaa. Waingereza wa VSO, shirika lao la kupeleka watu kujitolea nje, walianza mwaka 1958 kwa kutuma vijana wa miaka 18 waliotoka shule, baadaye wenyewe wakabadilisha, wakaanza kutaka watu wenye taaluma. Leo walimu tunao, wamejaa mitaani wanaendesha bodaboda, na vyeti vyao viko kwenye faili la plastiki.

Binti simlaumu. Ana miaka 19, kaambiwa shika chaki, kashika. Programu ya weltwärts iliyomleta, ile ya Ujerumani ya kupeleka vijana kujitolea nje, ilianza mwaka 2008, na sisi wa nchi za kusini tulianza kupokelewa huku mwaka 2013, kwa hiyo kabla ya hapo hata uwanja wa kulinganisha haukuwepo. Na nikubali, kwa shingo upande, kwamba niliwahi kuwaona wenzake wakifanya mambo mazuri: mmoja alipanga maktaba iliyokuwa stoo ya majembe, watoto wakaanza kuazima vitabu. Lakini maktaba haihitaji kumwondoa mtu darasani.

Maana kuna mtu ameondolewa. Madam wa Kiingereza, ambaye sitamtaja, anayejitolea kwa posho ile ile ya maneno, sasa anakaa pembeni anatafsiri, kwa sababu watoto hawamwelewi mgeni. Somo ni la binti, kuelewa ni kwa Madam. NECTA wakitoa matokeo, hakuna atakayepiga simu Ujerumani.

Wazazi nao, hasa wa shule binafsi za Inglishi midiamu, tusijitoe. Mwenye shule anajua akiweka uso mweupe kwenye kipeperushi tunalipa ada bila kuuliza mwalimu amesomea wapi.

Kwa hiyo mwalimu mkuu wangu, shikamoo, na kwa heshima zote. Mrudishe Madam darasani. Mgeni mpe kiti nyuma kwa muhula mzima, asaidie kusahihisha madaftari, jioni awafundishe mpira wa wavu. Mwombe cheti cha polisi. Akishangaa, mwambie kwao wanataka hivyo hivyo, nami nitakutumia changu kama mfano. Na posho ya Madam ya Septemba, ambayo nasikia hadi leo haijatoka, itoke.