Siti za umeme kwenye gari la zamani: tukate waya au tusikate?

Wakuu, hivi karibuni nilikuwa Gerezani, pale Dar wanapouza vipuri vya magari, natafuta siti za umeme za Toyota Mark II GX110 nizifunge kwenye Mark II yangu ya kizazi cha nyuma, GX100, gari la 1998, na kuna fundi umeme pale nilimwambia kabisa kwamba sitaki waya hata mmoja wa gari langu ukatwe. Akaniangalia akasema, "sasa kaka, waya kukatwa kuna shida gani, tunakata, tunaunga, tunapiga tepu, nusu saa unaondoka." Hakusema kwa dharau, hiyo kazi ameifanya miaka na magari ya watu yanatembea. Kwa hiyo siwezi kusema tu kwamba amekosea nikaishia hapo, hoja yake ina uzito na nataka tuipime vizuri kwa sababu naona watu wengi siku hizi wanatoa siti za kuvuta kwa mkono wanaweka za umeme.

Kwanza siti yenyewe. Siti ya umeme ya kawaida, isiyo na memori ya kukumbuka mkao wako, haina maajabu. Chini kuna mota, moja ya kusogeza mbele na nyuma, nyingine ya mgongo, nyingine za kunyanyua, na swichi ya ubavuni ndiyo inayogeuza moto (chanya) na athi (hasi) ili mota izunguke upande huu au ule. Haiongei na kompyuta yoyote. Inachotaka kutoka kwenye gari ni nyaya mbili tu, moto na athi, basi. Pale Gerezani tuliipindua siti juu ya maboksi, fundi akatafuta nyaya mbili nene kuliko zote kwenye soketi yake, akazigusisha kwenye betri iliyokuwa chini, mi nikabonyeza swichi, siti ikaanza kutembea taratibu kwenye rela. Mgongo ukagoma. Tukabonyeza tena, kimya, mota imekufa. Ile siti tukaiacha tukachukua nyingine, na mngejua jinsi ilivyokuwa safi ile ya kwanza, ngozi haina hata mkwaruzo. Jaribu kwanza kabla hujatoa hela. Ila hiyo betri usiigusishe kabisa kwenye plagi ya njano, nitaieleza huko chini.

Sasa upande wa fundi. Anasema waya ukiunganishwa vizuri hauna tatizo, na hapo yuko sahihi. Soketi za gari la miaka 25 plastiki yake imekauka, ukiichomoa kile kilimi kinavunjika, ndani pini zina ukungu wa kijani, na soketi iliyolegea inapitisha umeme kwa shida hivyo inapata moto. Jointi iliyominywa vizuri na kufunikwa inaishinda soketi mbovu kila siku. Halafu kuna suala la hela na muda, kutafuta soketi inayolingana ni kuzunguka, wakati mkasi na tepu vipo mfukoni. Kwa mtu mwenye gari la kazi anayetaka siti tu ifanye kazi hii hoja inaeleweka.

Lakini angalia kinachotokea kiuhalisia. Fundi akishakata hatafuti waya unaostahili, anatafuta waya wa moto ulio karibu, na ulio karibu na siti ya dereva mara nyingi ni wa kiberiti cha sigara. Jamaa yangu ndivyo alivyofanyiwa. Kiberiti kina fyuzi ya ampea 15, siti ikitembea peke yake hamna shida, ila ikigota mwisho wa rela huku bado umebonyeza, mota inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake na fyuzi inaungua. Ikaungua mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu fundi akaweka ya 30 na kila mtu akafurahi. Wiki chache baadaye jamaa akasikia harufu, tukanyanyua kapeti tukakuta ganda la waya limelainika na kugandia chini kama pipi iliyoachwa juani. Fyuzi haiko pale kuilinda mota, iko pale kuulinda waya, ukiweka fyuzi ya 30 kwenye waya mwembamba basi umeugeuza waya wenyewe kuwa fyuzi, na umelala chini ya kapeti.

Ndo maana naona hili swali la kukata au kutokata lina swali kubwa zaidi nyuma yake, umeme unautoa wapi. Mtu anaweza asikate waya hata mmoja, akanunua kile kipachiko cha kuchomeka kwenye boksi la fyuzi, na bado akaharibu vilevile, maana vile vipachiko ni vya vitu vidogo kama kamera au redio, siyo siti. Kwa hiyo kutokata peke yake hakukufanyi uwe salama, hilo nampa fundi.

Njia niliyoifuata ni hii. Kabla ya yote nilifungua kifuniko cha boksi la fyuzi nikatafuta fyuzi ya siti ya umeme, inaandikwa P/SEAT au PWR SEAT, kwa sababu kuna magari ambayo wayaringi, yaani mafungu ya nyaya za gari, ya gredi ya juu na ya chini ni ile ile, unakuta soketi imelala chini ya siti inasubiri. Kwangu haikuwepo. Basi nikanunua waya wa milimita 4 za mraba, nikautoa moja kwa moja kwenye chanya ya betri, fyuzi ya 30 nikaiweka pale pale karibu na betri, kama shubiri moja hivi, siyo ndani ya gari. Watu wengi wanaweka fyuzi karibu na siti kwa sababu ndipo pana nafasi, halafu mita tatu nzima za waya kutoka kwenye betri zinabaki hazina ulinzi, zikichubuka kwenye bati ni moto. Waya ukapita kwenye raba ya ukuta wa injini, ukaenda chini ya kapeti pembeni mwa mlango. Athi nikaifunga kwenye bodi, bati likakwanguliwa rangi mpaka likang'aa.

Na soketi? Hapa ndo panapohitaji uvumilivu, na ndipo nilipoelewana na fundi. Kule kwenye gari linalochinjwa, usinunue siti tu, omba na kipande cha wayaringi ya sakafuni kilichokuwa kinaingia kwenye ile siti. Lile gari limeshakufa, likatwe hata mahali kumi. Ukishakuwa na kile kipande una soketi ya kiwandani inayoingia kwenye siti yako bila kubahatisha, upande wa pili unaminya waya wako mpya. Waya wa gari lako haujaguswa. Na kama ni kubadilisha pini tu, zinachomoka, ndani ya plastiki kuna kilimi kidogo unakisukuma na kitu chembamba pini inatoka nzima unaihamishia kwenye plastiki ya soketi nyingine. Fundi alinionyesha kwa pini ya nguo, dakika mbili, halafu mwenyewe ndo akasema kwa njia hii hata tepu haitakiwi.

Faida ya hii utaiona siku kitu kikileta shida. Gari lililokatwa katwa, taa ya mkanda ikigoma kuzima fundi mpya anaanza kufuata waya mwekundu uliounganishwa na wa bluu uliounganishwa na mweusi, na wewe unalipia hayo masaa. Langu ukitaka kujua kama siti ndiyo tatizo unachomoa soketi moja, gari linabaki kama lilivyotoka Japani.

Kuhusu mkanda, sikutumia kile kifungio kilichokuja na siti mpya. Nilikitoa cha zamani na waya wake nikakihamishia kwenye siti mpya, kwa sababu ulimi wa mkanda wangu na kifungio chake vilitengenezwa pamoja, na soketi ya taa ya mkanda inaingia pale pale ilipokuwa. Kama kwako hakikai sawasawa kwenye siti mpya, basi siti hiyo siyo yako, usichomelee.

Plagi ya njano sasa. Ukiona siti ina kibandiko cha SRS AIRBAG ubavuni, ndani ya mgongo kuna eabegi, mfuko wa hewa unaofyatuka kwenye ajali, na plagi ya njano ndiyo yake. Kwenye hili sina pande mbili. Kama gari lako halikuja na eabegi za siti, hiyo plagi usiiunganishe na chochote, iache na kifuniko chake, usiipime na testa maana umeme mdogo tu wa testa unaweza kuifyatua. Na kama gari lako lilikuwa nazo za kwake, usichanganye na za kizazi kingine, kompyuta ya eabegi inapima ukinzani wa ile plagi na ilipangiwa mfyatuo wake. Kuna wanaoweka rezista ndogo ili taa ya dashibodi izime. Taa inazima kweli, ila umemzimia taa abiria wako ambaye hatakuwa na eabegi siku ya ajali na hatajua. Kama kwako ni lazima uchague kati ya siti ya umeme na eabegi inayofanya kazi, baki na siti yako ya zamani. Na kabla ya kugusa siti yoyote yenye njano toa hasi ya betri, subiri, Toyota wanasema angalau sekunde 90.

Memori sizungumzii sana, siti za memori zina kompyuta yake inayotaka kuongea na gari, kwenye gari ambalo halikuja na siti za memori hakuna wa kuongea naye. Tafuta za kawaida.

Rela ndo zinaweza kukukwamisha kuliko umeme. Kwangu zilikaa, lakini pima mwenyewe kwa futi kamba, umbali wa matundu manne na urefu wa miguu, usichukue neno la muuzaji. Boliti ni spana namba 14, ziingie kwa mkono kwanza zote nne ndipo ukaze. Tundu likipishana hata kidogo kuna atakayekwambia alipanue au achomelee kibati, mkatalie, pale ndipo uzito wako wote unaposhikwa gari likigonga.

Baada ya kufunga nimekuwa nikifanya kitu kimoja kila wikiendi. Naipeleka siti mbele mpaka mwisho, nyuma mpaka mwisho, mara tatu nne mfululizo, halafu nafungua boneti nashika kishikio cha fyuzi kwa vidole. Mara ya kwanza kilikuwa na joto, nikakuta terminali moja haijaminywa vizuri, nikairudia. Sasa hivi kiko baridi.