Nyati Waonekana, Nyasi Zapitwa

Kama kilomita 30 mashariki mwa Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, Marekani, ipo barabara ambayo ukishaingia huruhusiwi kushuka garini. Ni ndani ya hifadhi ya Neal Smith, karibu na mji wa Prairie City, na sababu ni nyati wa Marekani walio ndani ya uzio ambao barabara inaukatiza.

Kwa aliyezoea mbuga za kwetu, sharti hilo si geni. Kigeni ni kwamba mbuga hii imepandwa. Mwaka 1990 ilipoanzishwa hifadhi, hapa yalikuwa mashamba ya mahindi na soya, ardhi iliyokuwa imenunuliwa na kampuni ya umeme kwa ajili ya kinu cha nyuklia kisichowahi kujengwa. Mbegu za nyasi za asili zikaokotwa makaburini na kandokando ya reli, ambako plau haikufika. Nyasi ndefu ziliwahi kufunika sehemu kubwa ya Iowa. Leo haijabaki hata asilimia moja. Nyati waliletwa 1996.

Je, magari yapite katikati ya kazi kama hiyo? Wanaotetea barabara wana hoja. Mzee wa magoti mabovu anaona, mama mwenye watoto watatu kiti cha nyuma anaona, na hifadhi ya kodi ya umma isiyoonwa haina wa kuitetea. Isitoshe, dume la nyati hufikia karibu tani moja; si wa kumsogelea kwa miguu.

Wapinzani wanataja vumbi na mbegu za magugu zinazosafiri na matairi. Ni kweli, lakini mimi linalonisumbua ni jicho. Garini mtu hutafuta mnyama. Nyati wakiwa mbali, "hamna kitu," gari linaondoka. Kumbe dirishani pale umesimama mmea wa maua ya njano ambao majani yake huelekea kaskazini na kusini, na nyasi zenye mizizi inayoshuka zaidi ya mita mbili. Mizizi ya namna hiyo ndiyo iliyoufanya udongo wa Iowa kuwa mweusi.

(Wapo wasemao udongo huo urudishwe kwenye mahindi. Ningewaelewa kama yangekuwa ya ugali. Mengi huishia kwenye matangi ya magari, kama mafuta, na matumbo ya nguruwe.)

Barabara ibaki. Ila mwezi Septemba ningeanza na njia za miguu zilizo nje ya uzio, nyasi zikiwa zimenipita kimo, ndipo nirudi garini kutafuta nyati.