Kwa Kadiri ya Mwendo wa Watoto

Mama unayefundisha watoto nyumbani hapa Goma, Kongo, najua swali linalokunyima usingizi: wenzake wamefika wapi? Mtoto wa jirani anaimba kuzidisha bila kusita, wako bado anahesabu kwa vidole. Binamu yake analeta dikte ya Kifaransa kutoka shuleni, wako anavuta silabi moja moja. Usiku, maji yakishatekwa na vyombo vikishaoshwa, unafungua kaye yake, yaani daftari lake, unaona kurasa tupu, na moyo unashuka.

Mimi nauliza: amechelewa kwa nani? Programu ya darasa imepangwa kwa watoto wengi mbele ya mwalimu mmoja, na mwalimu huyo hana namna ya kumngoja mmoja wao. Wewe unayo. Neema hiyo Mungu amekupa mkononi, nawe unaibeba kama aibu.

Soma Mwanzo 33. Esau ana watu mia nne, anataka waongozane na Yakobo. Yakobo anakataa kwa heshima: watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, ikikimbizwa hata siku moja itakufa. Esau atangulie, yeye atafuata polepole, kwa kadiri ya mwendo wa watoto. Kundi lile kubwa la wanaume linaondoka mbele ya macho yake, na baba huyu haoni haya kubaki nyuma. Tena alikuwa anachechemea mwenyewe, tangu usiku ule alipopigana mweleka kule Penieli. Mama uliyechoka, sehemu hiyo isome mara mbili.

Na watoto wa mji huu wamekimbizwa mara ngapi? Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, tukawabeba mgongoni kuelekea Sake, wengine Minova, wengine Gisenyi. Januari 2025 vita viliingia mjini. Mtoto aliyelala chini ya kitanda akisikiliza mabomu, leo akisahau saba mara nane, msimwite mvivu. Mwacheni apumue, kesho mrudie naye hesabu hiyohiyo.

Simaanishi kwamba kila ugumu ni wa kungojea tu. Mtoto mkubwa asiyeshika herufi kabisa, mpeleke apimwe macho na masikio, na uombe msaada mapema.

Wengi wenu mnaumia zaidi kwa sababu ya Kifaransa. Mnasema, nitamfundishaje kitu nisichokijua vizuri? Anza na Kiswahili. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yenyewe inataka watoto waanze shule kwa lugha za taifa au lugha ya mazingira yao, na hapa kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Mpe Injili ya Marko, mpe Zaburi fupi, mpe ujumbe wa shangazi kwenye simu akusomee kwa sauti. Akishajua kusoma, Kifaransa kitamkuta anajua kusoma. Ila usikiache, maana mtihani wa kumaliza shule ya msingi unamngoja kwa lugha hiyo. Kanisani hakukosi kijana aliyemaliza sekondari, mwenye Kifaransa kizuri na asiye na kazi. Mwombe saa moja baada ya ibada.

Na hesabu? Nenda naye soko la Virunga. Muulize dola tano ni faranga ngapi leo, na baada ya kununua samaki wa sambaza na makala ya kupikia kitabaki nini. Kumbukumbu la Torati 6 inataka tuwafundishe watoto maneno ya Bwana tukiketi nyumbani na tukitembea njiani. Mungu aliyeamini kwamba hayo yanafundishika njiani, naamini hadharau kutoa na kujumlisha kunakofanyika kati ya meza za wauza samaki.

Usijifiche pia. Ibara ya 43 ya Katiba yetu inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kuwaelimisha watoto wao. Ibara hiyohiyo inasema elimu ya msingi ni ya lazima, kwa hiyo mtoto afundishwe kweli, hata kama ni ukurasa mmoja kwa siku. Ukurasa mmoja ulioeleweka naupenda kuliko kumi zilizonakiliwa huku mama anapiga kelele na mtoto analia.

Sasa neno kwa wachungaji wetu. Shule nyingi za nchi hii zinaendeshwa na makanisa, Katoliki na Protestanti. Mama hawa mnawaona kila Jumapili, wanaimba kwenye kwaya, wanatoa sadaka, kisha wanarudi nyumbani kuhangaika peke yao. Waiteni. Wapeni chumba kimoja siku za Jumamosi, waazimeni vitabu vya mwaka uliopita, na mwisho wa kila muhula waruhusuni watoto wao wafanye majaribio pamoja na wanafunzi wenu, ili mama ajue mtoto amefika wapi bila kukisia usiku.