Mwashi Mstaafu Ndani ya Ngome ya Edinburgh

Nimejenga nyumba za watu Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijapata kumwona mteja aliyetaka nyumba juu ya volkeno. Wafalme wa Uskoti hawakuniuliza. Binti yangu, aliyenialika na kunilipia tiketi, alinieleza kwamba mwamba unaobeba ngome ile ni volkeno iliyozimika yapata miaka milioni 350 iliyopita. Nikamjibu kwamba magoti yangu hayakuletewa habari hiyo kabla ya kuanza kupanda. Nao upepo wa kule juu hauvumi, unadai deni.

Katika kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, alilolijenga Mfalme David wa Kwanza karibu na mwaka 1130 kwa kumbukumbu ya mama yake, nilisimama mbele ya tao lililochongwa mfano wa meno ya msumeno, nikatafuta kosa la fundi mpaka watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Sikuliona, na hilo liliniudhi kuliko upepo.

Chumba ambamo Malkia Mary wa Uskoti alimzaa James, mfalme wa baadaye, mwaka 1566, mpangaji wangu angekikataa, maana kitanda kikiingia, mtu hubaki nje. Ukumbi Mkuu, uliokamilika mwaka 1511, una paa la mbao kama jahazi lililopinduliwa. Nililitazama hadi shingo ikakakamaa, nikakumbuka paa langu la mabati, niliyoyapigilia kwa mkono wangu, linavyovuja kila vuli.

Hatimaye nilipata pa kulaumu. Mwaka 1573, ngome ilipozingirwa, mizinga iliuangusha mnara wa Mfalme David wa Pili, kifusi kikaziba kisima, na haikuchukua siku nyingi waliokuwamo wakasalimu amri. Kisima cha kutegemewa, karibu na mnara! Hata kibarua wangu wa kwanza, aliyekoroga saruji ikawa kama uji, angeuliza mara mbili.

Nilikuwa nikimfafanulia binti yangu kosa hilo, kikombe cha chai mkononi, saa saba kamili mchana, mzinga ukalia nyuma yangu, kama unavyolia kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, desturi iliyoanza mwaka 1861 ili mabaharia wasahihishe saa zao. Chai yote ikaishia kwenye koti la kuazima.

"Baba, si nilikuambia asubuhi?"

Ni kweli aliniambia. Lakini yeye, kwa kuishi sana na Waskoti, alisema mzinga hupigwa saa moja, nami nikajua ni jioni.