Sikukuu na Mafundi wa Kujitolea

Hivi nani huwa anaviambia vitu vya ndani kwamba kesho ni sikukuu? Mwaka mzima koki imefunga kinywa, friji inaguna vizuri, mlango unafunguka bila kulalamika. Lakini ukishaalika watu tu, ukishafua na mapazia, kila kimoja kinakumbuka kuharibika. Na fundi? Fundi kasafiri. Simu yake inaita hadi inachoka yenyewe. Ukibahatika akapokea, unasikia muziki, watu wanacheka, na yeye anakwambia, "Bosi, nipo njiani." Njia ya kwenda wapi, hasemi.

Safari hii limeanza tangi la choo. Maji yanaingia, yanajaa, yanapitiliza, yanashuka bakulini, na mita inazunguka kana kwamba nayo inasherehekea. Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu, nikaona nisubiri sikukuu ipite nimtafute fundi kwa utulivu. Ila ndiyo hivyo, nililitaja mbele ya marafiki waliokuja kusalimia. Hakuna aliyeuliza tatizo ni nini. Wote waliitikia kwa pamoja, "Ah, hiyo ilinitokea mimi!"

Basi ikawa zamu kwa zamu. Wa kwanza simu yake iliogelea kwenye ndoo, na sasa imelazwa ndani ya mchele ikisubiri ufufuo. Nikamwambia Apple wenyewe mwaka 2024 walishawaonya wateja wao kwamba mchele hausaidii, chembe zake zinaweza hata kuiharibu simu, na kinachotakiwa ni kuigongesha taratibu mdomo wa chaja ukitazama chini na kuiacha penye hewa. Akaniangalia kwa huruma. "Kaka, wewe mchele huujui."

Wa pili taa zake za mapambo zilizima zote, kwa kuwa zimeungwa kwa mfuatano na balbu moja ikifa wenzake wanagoma kwa mshikamano. Amezichomoa moja moja kumtafuta marehemu. Hajampata mpaka leo, na mkewe haongei naye.

Wa tatu ni jirani, aliyechoka kubadilisha fyuzi akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Anajisifu! "Tangu hapo haijakatika tena." Haiwezi kukatika, jirani! Fyuzi kazi yake ni kufa ili nyumba isife. Sasa umeinyima kifo, tukafie wapi sisi tunaopakana na wewe?

Tungeishia hapo ningesema sikukuu ilikuwa njema. Lakini Shemeji alishasimama na kuanza kukunja mikono ya shati.

"Shemeji," nikamwambia kwa sauti ya mwenye nyumba, "usijisumbue. Wewe ni mgeni."

"Mimi mgeni? Hapa kwa dada yangu? Shemeji, unanivunjia heshima."

Nikanyamaza, maana mama yake alikuwa sebuleni, naye ni mama mkwe wangu, na ameanza kuniamini hivi karibuni. Shemeji akaingia chooni, sisi nyuma yake, wanaume wazima tumebanana mlangoni. Akafunua tangi, akatazama ndani, akatikisa kichwa, akatoa lile swali ambalo kila fundi duniani huanza nalo: "Kwani hii alifunga nani?"

Na haki yake nimpe, tatizo alilijua. Boya, lile puto la plastiki linaloelea, lilikuwa na ufa. Limekunywa maji, limezama, na kwa kuwa boya likipanda ndipo mkono wake unabana vali, basi vali haijui kama tangi limejaa. Inamimina tu. "Tatizo dogo," akasema, na kutoka mfuko wa shati akachomoa kichupa cha supaglu. Jamani, mtu anayekuja kula sikukuu na supaglu mfukoni, huyo kaja na nia.

Fundi wa kweli angefunga maji kwanza. Fundi wa kweli angelifungua boya, akalimwaga, akalifuta likakauka. Shemeji alilishika humo humo tangini, mkono umelowa hadi kiwiko, akalibinyia gundi karibu nusu chupa, akaziba ufa kwa vidole vitatu. "Dakika moja tu," akasema.

Haikufika dakika. Uso wake ulibadilika taratibu. Akavuta mkono mara ya kwanza kwa staha. Akavuta mara ya pili. Akageuka kutuangalia, akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyepitishwa kituo chake na kondakta.

"Limenasa?" nikamuuliza.

"Linashika vizuri," akajibu.

Hapo ndipo Mwalimu, rafiki yetu aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasafisha koo. "Gundi hii haikaushwi na hewa kama nyingine. Inagandishwa na unyevu. Mkono mbichi ndiyo unaiharakisha."

"Sasa Mwalimu, hilo si ungelisema kabla?"

"Hamkuniuliza." Na kwa kuwa sasa alikuwa na darasa, tena lenye mwanafunzi asiyeweza kutoroka, akaendelea. Kwamba mwaka 1942 Mmarekani Harry Coover na wenzake walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki, wakaipata kemikali hii, wakaiacha kwa sababu ilinata kwenye kila kitu walichokigusa. Ikarudiwa baadaye, ikaanza kuuzwa 1958. Nikamwambia asante sana. Yaani watu wako vitani, wana shida ya vifaa, na bado waliona gundi hii ni usumbufu. Sisi tumeileta chooni siku ya wageni.

Sasa sikia balaa. Boya bado limekaa kwenye mkono wake wa chuma. Kwa hiyo Shemeji akichoka akishusha mkono, vali inafunguka, maji yanamiminika. Akinyanyua, yanakatika. Kwa mara ya kwanza tangu juzi tangi langu likawa linafanya kazi sawasawa. Shemeji mwenyewe amekuwa boya!

"Usishushe," nikamwambia. "Mita hiyo."

"Bega linauma, shemeji."

"Vumilia. Hapa si kwa dada yako?"

Jirani wa karatasi ya fedha akatoa wazo: maboya ya namna hii yamefungwa kwa uzi wa skrubu, ukilizungusha linachomoka. Kweli kabisa. Ila boya sasa limeshika mtu, kwa hiyo azungushwe mtu. Tukatazamana. Choo chenyewe kina nafasi ya mtu mmoja na mawazo yake. Wakajaribu lakini! Wakamshika kiuno, Shemeji akaruka bakuli mguu mmoja, akageuka nusu mzunguko, kiwiko kikapiga ufunguo wa kuflashi, maji yakashuka yote, naye akabaki amepanda choo changu mgongo wazi, shati la sikukuu limelowa, anauliza, "Nimezungukia upande gani?"

"Kulia," akasema Mwalimu. "Kulia ni kukaza."

Ndipo ikasikika sauti kutoka koridoni. Sauti ya taratibu, ya mtu aliyekunywa chai ya kutosha.

"Baba, hapo chooni kuna mtu?"

Mama mkwe. Enyi wenzangu mnaoheshimu wakwe zenu, niambieni, hilo linajibiwaje? Ningesema hakuna mtu, ni uongo. Ningesema yupo, angesubiri. Yupo mwanao, Mama, na wanaume watatu wamemshika. Nikatoka nje, nikaurudisha mlango nyuma yangu, nikainamisha kichwa kwa adabu zote. "Mama, tunarekebisha kidogo. Subira kidogo tu, Mama."

"Nasikia maji yanalia."

"Ndiyo, Mama. Ndiyo hayo."

"Kwani hakuna koki ya kuyafungia hapo chini ya tangi?"

Kimya. Mle ndani nao kimya. Halafu nikasikia mtu anapiga magoti kwenye vigae, na koki ikilia kwii, kwii, kwii. Maji yakakata. Tumekaa pale muda wote, akili zote hizo, historia ya Marekani tumeimaliza, na koki ipo karibu na kifundo cha mguu wa Mwalimu.

Mama mkwe tukampeleka kwa jirani. Nadhani ndiyo sikukuu yake ya kwanza kutembezwa mtaani kwa sababu ya choo, na nilivyomwona alivyobana midomo, ile imani aliyokuwa ameanza kunipa imerudi ilikotoka.

Kumbandua mwanawe ilikuwa kazi nyingine. Jirani anataka kuvuta kwa nguvu, Mwalimu anapiga kelele kwamba ukivuta itabanduka ngozi, si gundi. Mke wangu akaja na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, amechukua na pamba, Mwalimu akapiga kelele tena: gundi hii ikiwa bado mbichi, ikikutana na pamba hupata moto, inaweza hata kuunguza! Basi tukarudi kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, unasugua, unaviringisha taratibu kama unayemenya kitu, halafu asetoni kidogo pembeni ya kidole kwa kijiti. Polepole. Shemeji anahema, anatoa ushauri. Yaani mtu amenaswa na bado anatuelekeza! "Mngeanza na hiki kidole cha kati." Nikatoka nje nikapumue.

Na hapo ndipo nilipokasirika kweli, sasa hivi hata kuandika naandika kwa hasira. Si kwa Shemeji. Shemeji ni mtu mwema, anapenda dada yake. Nimekasirishwa na hili boya. Plastiki nyembamba unaweza kuitoboa kwa kucha, ndiyo imepewa kazi ya kulinda maji ya familia nzima mchana na usiku. Mtu kakaa mahali akatengeneza hicho kitu, akakiangalia, akaridhika, akakitia kwenye boksi. Na mimi ndiye ninayeamka usiku kusikiliza bili inavyotiririka, nalala huku nahesabu. Halafu kesho yake mtu ananiuliza mbona macho mekundu, ni sherehe nini? Sherehe gani!

Mwisho wa yote dawa ilikuwa ya kuaibisha. Unalifungua boya, unalimwaga maji, unalivika mfuko wa plastiki usiotoboka, unaufunga kwa kamba, unalirudisha. Linaelea mpaka ununue jipya. Alama za vidole vitatu vya Shemeji zipo, zimebaki juu yake, ukitaka kumtambulisha popote.

Ushauri haujakoma lakini. Baada ya watu kuondoka simu imekuwa haipoi. Mmoja sinki lake limeziba, kaambiwa amwage magadi na siki. Povu zuri sana la kutazama, ila hivyo viwili vikikutana vinamalizana vyenyewe kwa vyenyewe, kinachobaki ni maji ya chumvichumvi. Weka ndoo chini, fungua lile bomba lililopinda, mafuta ya sikukuu yote yamekaa humo. Sasa mwingine akamwongezea kwamba siki ikishindikana achanganye na dawa ya madoa yenye klorini. Nikapiga simu mwenyewe, kwa sauti ya juu. Hiyo inatoa gesi ya sumu! Huyo mshauri anataka kuzibua sinki au kumaliza ukoo?

Zipu ya gauni iliyokwama ilipata ushauri mzuri, sugua penseli kwenye meno yake, na ikashuka. Tatizo sasa haipandi, na mwenye gauni yuko ndani ya gauni.

Bisibisi yangu ya nyota haionekani. Mara ya mwisho ilikuwa mkononi mwa jirani. Kila sikukuu kifaa kimoja kinahama, na kinapohama hakiagi. Koleo liko kwake, spana ya kurekebisha iko kwake, na ukimuuliza anakuonyesha za kwake anazodai ni zake, zina rangi niliyozipaka mimi mwenyewe ili zisipotee. Sasa hivi kapiga simu, anasikia harufu ya gesi jikoni na mkononi ana kiberiti, anataka kuangalia panapovuja. Nimemfokea sijawahi kumfokea hivyo: weka chini kiberiti, usiguse swichi, funga mtungi, fungua madirisha, halafu kesho paka povu la sabuni kwenye maungio, panapotoa mapovu ndipo hapo.

Akanyamaza kidogo. Akaniuliza kama naweza kumwazima sabuni.