Majina ya mafundi yaandikwe sandukuni

Rafiki yangu alinionyesha picha ya wanasesere wawili wa Hinamatsuri, sikukuu ya wasichana huko Japani: mfalme na malkia walioketi, kazi ya mafundi wa mji wa Kyoto. Akanitajia bei, kisha akaguna: "Hela zote hizo kwa mdoli?" Nilikasirika, na mpaka leo hasira haijaniisha.

Hebu tuanze na uso. Kichwa cha jadi ni unga wa mbao ya mti wa kiri uliokandwa kwa gundi ya ngano, ukashindiliwa kwenye kalibu, ukakaushwa, ukapachikwa macho ya kioo. Juu yake inapakwa gofuni. Hayo ni magamba ya chaza yaliyoachwa nje miaka, yakapigwa jua na mvua, yakasagwa, unga wake ukachanganywa na gundi ya wanyama iliyopashwa moto. Fundi anapaka, anasubiri ikauke, anapaka tena. Pua na midomo anaiinua kwa gofuni nzito, tone kwa tone. Safu zinaongezeka mpaka yale macho ya kioo yanafunikwa kabisa, uso unabaki mweupe, kipofu. Ndipo anaposhika kisu kidogo na kuyafungua, anakata kufuata ukingo wa jicho. Kisu kikiteleza hapo, mwanasesere amepoteza sura yake. Nyusi anazichora kwa ncha ya brashi, unywele mmoja mmoja.

Na huyo ni fundi wa kichwa tu! Kyoto nywele za hariri zina fundi wake. Mikono na miguu ina wake, ambaye maisha yake yote ni vidole vidogo kuliko njiti ya kiberiti. Mataji, panga na pepeo vina wake. Wa mwisho ndiye anayevisha. Kiwiliwili ni majani makavu ya mpunga yaliyofungwa kwa nguvu, mikono ina waya ndani, na nguo zote zikishavaliwa, tabaka juu ya tabaka, ndipo anapoikunja. Hapo hapo ndipo mwanasesere anapopata mkao wake. Kiwiko kikienda upande, joho lote linaharibika.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba seti kamili ya wanasesere 15 kwenye ngazi saba haiingii katika nyumba ndogo za Tokyo, na kwamba vichwa vya plasta, vya bei nafuu, vimewawezesha wazazi wengi kusherehekea sikukuu hiyo tarehe 3 Machi. Sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni huu: Japani yenyewe ilishakiri kwamba hii ni sanaa. Mwaka 1927 ilituma Marekani wanasesere 58 kama mabalozi wa urafiki. Mwaka 1955 mafundi wa wanasesere Hirata Gōyō na Hori Ryūjo walitambuliwa kuwa Hazina Hai za Taifa, heshima ambayo serikali huwapa mabingwa wa sanaa za jadi. Lakini nunua mfalme na malkia leo, na mara nyingi jina utakaloliona ni la aliyevisha. Aliyefungua macho hatajwi. Wa vidole ndiyo kabisa. Mnunuzi akiona jina moja anadhani analipia siku chache za mtu mmoja, na bei lazima imshtue.

Wauzaji waweke karatasi ndani ya sanduku, yenye majina yote: wa kichwa, wa nywele, wa mikono na miguu, wa vifaa, wa mavazi. Bei iandikwe chini ya majina hayo.